Orodha ya Harusi Niliipunguza Mimi

Bismillahi Rahmani Rahim

Mpendwa mwanangu Salha,

Barua hii utaipata wa mwisho, na nafanya makusudi. Kabla haijafika kwako Matemwe itakuwa imeshapita Kikwajuni, Mwembetanga, Miembeni, Malindi, na kila nyumba ya Mji Mkongwe tunayojuana nayo. Naipeleka mwenyewe kwa mguu wangu huu mbovu, mlango kwa mlango, na kila nyumba nitakaa ningoje mpaka isomwe mbele yangu. Asiyekuwa na miwani nitamsomea. Jina lako lilichafuliwa majumbani, kwa hiyo majumbani ndiko ninakoanza kulisafisha. Wewe peke yako huhitaji kuambiwa kilichomo, maana ulikijua siku ile ile.

Na kabla hujauliza nani kanichapia: hakuna. Nimechapa mwenyewe kwa laptopu yako ile uliyoniachia, yenye herufi ya M iliyobanduka. Vidole viwili tu, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto, na siku nne nzima. Bismillahi yangu iko katikati ya ukurasa, itazame vizuri.

Ile ya kwanza unaikumbuka? Sikuwa nimemaliza hata wiki dukani kwako. Nikaiandika Bismillahi pembeni, kisha nikawa naisukuma kwenda katikati kwa kitufe cha nafasi, nahesabu kwa sauti kama niko kwenye tasbihi. Wewe umesimama nyuma yangu kimya. Nilipofika thelathini na kitu ukaniambia, "Shangazi, kuna kitufe chake. Unabonyeza mara moja tu, inakwenda yenyewe." Nikageuka. "Sasa mbona hukusema mapema, nnachoka bure?" Ukajibu, "Nlitaka nione utafika ngapi." Tulicheka mpaka mteja aliyeleta cheti chake cha kutoa fotokopi akaingiwa na wasiwasi kwamba tunacheka picha yake.

Kwa wasionijua, ingawa sidhani kama wapo, mimi ndiye Bi Zuhura mwalikaji. Tangu nilipoolewa mpaka goti liliponigomea, hakuna harusi ya maana mjini hapa ambayo sikuialikia watu. Kwetu kadi ni karatasi, na Mzanzibari hatoki kwake kwa karatasi. Anataka aje mtu mzima mlangoni, avue viatu, akae, aulize hali ya wagonjwa na ya walio safarini, na mwisho kabisa ndiyo aseme nani kamtuma na shughuli ni lini. Orodha zangu sikuziandika popote. Nilikuwa nikitoka nyumbani, kichwa kinajua mlango gani kwanza, nani haalikwi kabla ya nani, na nani ukimpita leo utamkuta na kinyongo mazikoni kwenu.

Mwaka juzi goti likagoma. Daktari akasema ngazi mwiko, na Mji Mkongwe wote ni ngazi. Ikatokea kuwa mwaka huo huo ndugu yangu Mwanaisha, shangazi yako mdogo, anamwoza Nadhra wake. Ikaamuliwa kadi zichapwe dukani kwako, na wasichana watatu wa ukoo wazigawe kwa mitaa. Orodha ikabaki kichwani mwangu. Ndipo uliponiambia, "Njoo dukani, Shangazi, tuitie kwenye kompyuta. Tena uitie mwenyewe, mie ntakufundisha."

Nikaja. Sitasahau ulivyonivumilia. Siku ya kwanza kile kipanya nilikisukuma mpaka ukingoni mwa meza, nikakuita, "Salha, meza imekwisha na mshale bado haujafika!" Ukanishika mkono, ukakinyanyua kipanya pamoja nami, ukakirudisha katikati. Nikaona kweli, mshale umengoja pale pale. Siku ya pili kompyuta ikapiga mstari mwekundu chini ya jina langu, na chini ya jina la marehemu baba yangu, na chini ya Mwembetanga. Nikakuuliza, "Nimekosea kuzaliwa?" Ukasema, "Haikujui tu, Shangazi. Inajua Kizungu. Iambie ikujue." Ukanionyesha pa kubonyeza, mstari ukaondoka, na mimi nikaona raha kama niliyepewa kitambulisho kipya.

Maswali yangu hayakwisha. Maneno nikiyakopi, yanakaa wapi kabla sijayapesti? Ukasema yanakaa mkononi, ila ni mkono usioonekana, na unabeba kitu kimoja tu, ukishika kingine cha mwanzo kinaanguka. Hilo nililielewa kuliko alivyolielewa kijana yeyote uliyemfundisha, ulisema mwenyewe. Nikifuta kitu kikaenda kwenye pipa, pipa linamwagwa na nani? Neno la siri mbona naandika herufi linaonyesha nukta? Na umeme ukikatika, nilichoandika kinakwenda wapi? Hapo ndipo uliponikazia macho. "Kinapotea, Shangazi. Kwa hiyo sevu. Kila ukimaliza kitu, sevu. Ukitaka kunyanyuka, sevu, kisha funga faili." Ulinirudia hivyo mara ngapi? Nilikuwa nayasema maneno yale hata nikiwa jikoni nakuna nazi.

Printa ndiyo iliyonitoa jasho. Nilibonyeza haikutoa kitu, nikabonyeza tena, nikabonyeza tena, na yenyewe kumbe inajikusanya. Ikatema ukurasa ule ule mara kumi na moja. Ulizichukua zile karatasi ukazikata, ukatumia migongo yake kuandikia mahitaji ya duka. Ulikuwa mwalimu mzuri, Salha. Naliandika hili ili wote walisome. Kuna watu wana vyeti ukutani na hawawezi kumfundisha mtu wa umri wangu kuwasha taa.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Orodha tuliiandika kwenye ile programu ya vijumba-vijumba. Safu ya kwanza jina, ya pili mtaa, ya tatu simu. Watu mia mbili na ushei, wote niliwatia mimi, kwa siku sita. Na majina yetu unayajua. Ukisimama Darajani ukaita "Fatma Ali!" watageuka wanawake sita, na mmoja atauliza nani kafa. Kwenye orodha ya Nadhra walikuwemo Fatma Ali watatu. Mmoja wa Kikwajuni, mwalimu mstaafu. Mmoja wa Malindi, mke wa seremala. Na mmoja wa Mwembetanga, ambaye kwa haki ya Mungu alitakiwa awe wa kwanza kualikwa kabla ya wote, kwa sababu Bi Fatma huyo ndiye aliyempokea Nadhra siku alipozaliwa. Ndiye aliyemkanda Mwanaisha tumbo na kumwogesha mtoto siku arubaini, asubuhi na jioni, na mvua ya masika inamwagika. Kwetu mtu huyo ana haki ya mama katika harusi ya mtoto aliyemwogesha.

Ilikuwa Jumatano, adhana ya adhuhuri imeshalia. Ukainuka, ukaniambia, "Shangazi, orodha nshaipanga, usiguse kitu. Nnakwenda kusali mara moja narudi." Ukaingia chumba cha ndani. Mtu mzima kuambiwa asiguse! Nikaiangalia orodha. Ulikuwa umeipanga kwa alifu mpaka ye, majina yanayofanana yamekaa pamoja, na nikamwona binamu yetu Khadija yuko mara mbili, mtaa huo huo, simu hiyo hiyo. Nilikuwa nimemtia Jumamosi nikamtia tena Jumatatu. Nikaona aibu. Nikasema nitamwondoa kabla hujarudi, ujue Shangazi si wa kuchezewa.

Ulikuwa umeshanifundisha kumfuta mmoja kwa mkono. Lakini nilikuwa nimekuona mara moja ukibonyeza pale panapoondoa yaliyojirudia, na nilitaka kufanya kama wewe. Nikapabonyeza. Kikatokea kisanduku kinauliza, kina alama za vema tatu: jina, mtaa, simu. Nikafikiri. Mimi ninachokagua ni majina, mitaa na simu vinahusu nini? Nikaziondoa alama mbili, nikaacha ya jina peke yake. Nikakubali. Ikaniambia kwa adabu kabisa kwamba imeondoa tisa.

Tisa, Salha! Wala sikushtuka. Nilijisifu. Nilisema kumbe uzee umenifanya nijirudie hivi, afadhali nimesafisha. Nilidhani mashine inajua nijuacho mimi, kwamba Fatma wa Malindi ana mume mkali na Fatma wa Mwembetanga ana pumu, na kwamba hao ni watu mbalimbali. Yenyewe iliona Fatma Ali, Fatma Ali, Fatma Ali, ikamwacha wa juu, ikawatupa wawili. Kisha nikafanya yale uliyonifundisha vizuri kuliko yote. Nilisevu, nikafunga faili.

Ulirudi, ukatazama kioo, ukanitazama. "Shangazi, umegusa kitu?"

Nikakwambia, "Sijagusa. Nlikuwa nnavuta uradi."

Ndilo kosa hilo. Kubonyeza ni ujinga, na ujinga una dawa yake. Lakini nilikudanganya usoni, nikamtia Mwenyezi Mungu ndani yake, kwa sababu tu sikutaka mwanafunzi wako mkubwa aonekane hafai. Wewe ulikuwa huna desturi ya kumkagua mtu mzima. Alhamisi ukazichapa kadi kama orodha ilivyo.

Siku ya harusi nilikaa ukumbini nikiangalia mlango mpaka shingo ikaniuma. Wa Kikwajuni aliingia, na marashi yake. Wa Malindi hakuja, na Bi Fatma wa Mwembetanga hakuja. Baadaye tukaambiwa alikuwa kwake, amevaa, amejifukiza udi, amekaa barazani tangu adhuhuri. Msichana mgawa kadi wiki ile alipita mlangoni pake mara tatu akienda kwa majirani. Kila mara Bi Fatma alijitengeneza mtandio, na kila mara msichana akamsalimia akapita. Mtaa mzima ulikwenda harusini, akabaki yeye na paka.

Siku ya tatu tukakusanyika kwa Mwanaisha baada ya alasiri. Yeye hakupiga kelele, alilia. Alisema, "Nani kamfuta mtu alomwogesha mwanangu?" Watu wote wakakugeukia wewe, maana kompyuta ilikuwa yako. Na wewe ulikuwa nao ushahidi. Ulikuwa umeweka nakala ya orodha ya Jumanne, kamili, na umeshailinganisha na ile ya kadi. Ulijua kwamba kati ya Jumanne na Alhamisi kiti kile kilikaliwa na mtu mmoja tu zaidi yako. Ukanitazama. Ulinipa muda, Salha, nakushuhudia. Mimi nikatazama sahani ya halua.

Ukasema, "Ni mie. Nlibonyeza vibaya. Nisameheni."

Kilichofuata mnakijua nyote mnaosoma, maana ni nyinyi mliokifanya, nami nikiwa mmoja wenu. Mlimwita Mfuta Watu. Mlisema, "Mpelekee Salha kadi zako, akupunguzie mashangazi." Mkacheka, kisha mkapeleka kadi zenu kwengine. Mkapeleka na barua zenu, na vyeti vyenu, na duka lililokuwa na foleni mpaka nje uchochoroni likabaki na kiti na feni. Mtoto akalifunga, akaenda Matemwe kufanya kazi ya ofisi hotelini. Siku alipokuja kuniaga aliweka laptopu yake ya zamani mezani kwangu, akaniambia, "Usiache kujizoesha, Shangazi, unakwenda vizuri." Nilimwitikia, nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikarudi ndani nikakaa. Hata hapo sikusema.

Nimekaa na hilo miaka miwili. Nimejizoesha kweli, kama ulivyotaka. Najua kuhifadhi kwa jina jingine ili ya mwanzo isiharibike, najua kurudisha nyuma nilichokosea, najua kutia nambari za kurasa. Majirani wananiletea barua zao niwachapie, na wananisifu. Kila wakinisifu nasema, "Kanifundisha Salha," nao wanakunja midomo.

Mwezi uliopita Nadhra alijifungua. Bi Fatma hakuitwa kumwogesha mtoto, na angeitwa asingekuja. Tulikaa kupanga akika, mmoja akauliza kadi zichapwe wapi, mwingine akasema, "Popote, isipokuwa kwa Mfuta Watu." Wakacheka. Na mimi nikacheka nao, mwanangu. Nilijisikia nikicheka. Nilirudi kwangu siku ile nikiwa sijipendi hata kidogo, na kesho yake asubuhi nikaenda Mwembetanga.

"Shikamoo, Bi Fatma."

"Marahaba, Zuhura. Leo goti limekuleta?"

Nikamwambia yote kama nilivyoyaandika hapa. Nilipomaliza akaniuliza, "Ulobonyeza wewe?"

"Mie."

"Na mtoto akasema ni yeye, nawe umekaa hapo hapo?"

"Nimekaa hapo hapo."

Kisha akasema, "Alikuja hapa mara mbili kuniomba radhi. Mara zote mbili nikamwambia mjukuu wangu amwambie nimelala. Alikaa barazani jua kali, mie namwona dirishani." Akajifuta uso kwa kanga. "Miaka miwili nnamchukia mtoto wa watu, Zuhura, na nnasali sala tano. Mwambie mlango u wazi. Mwambie mie ndo nnaetaka radhi kwake."

Hukuniambia kwamba ulikwenda kwake. Ulikwenda kuomba radhi kwa kosa langu, mara mbili, na mimi nilikuwa kwangu nakunywa chai. Nimelia njia nzima kutoka Mwembetanga, mchana kweupe, na wanaonijua wamenipa pole wakidhani nimefiwa.

Mwanaisha nimemwambia pia. Tangu Ijumaa hasemi nami, na ana haki yake. Wengine watakasirika wakishasoma hii, na harusi zenu nitazisikia kwa majirani. Sawa. Mimi nimeingia nyumba za watu miaka arubaini na habari za furaha, na nguvu za kuingia na habari hii ninazo. Atakayenifungia mlango nitaipenyeza kwa chini.

Lakini wewe usidhani nakuita urudi. Nasikia hotelini wanakutegemea, na kwamba kila anayekwama kwenye kompyuta anakimbilia meza yako. Kaa unapoona pana kheri nawe. Ukitaka kulifungua tena duka, nitakaa kiti cha mbele niwaeleze wateja habari yako mmoja mmoja, watake wasitake. Usipotaka, nitakuja mimi huko, na ngazi zenu huko nimeuliza, ni chache.

Nakuomba jambo moja tu. Wakishaisoma barua hii watakupigia simu. Watakuuliza kama ni kweli, au ni mtu mzima anajitwisha mzigo wa mtoto wa kaka yake. Nakujua moyo wako. Utataka kusema Shangazi anazidisha, kompyuta zina mambo yake, tumesahau yaliyopita. Usiseme hivyo, mwanangu. Umenisitiri miaka miwili na imetosha. Wakikuuliza nani aliyemfuta Bi Fatma, wajibu kwa sauti, na utaje jina langu lote.

Nakupenda, na radhi zangu unazo tangu zamani. Zako ndizo ninazozingoja.

Shangazi yako.